Cheti cha Kutojua Gitaa

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwa woga. Kulitaja katika maandishi kunahitaji kibali cha Idara ya Majina, na ombi langu linashughulikiwa na ofisa mmoja ambaye kila nikienda naambiwa ametoka kidogo. Wewe msomaji jua tu kwamba ni nchi nzuri, yenye mito, milima, mahindi mengi katika hotuba, na serikali inayotupenda kuliko tunavyojipenda wenyewe. Yote nitakayoeleza yalifanyika kwa nia njema.

Yalianza na safari ya Waziri wa Utamaduni, Burudani na Utulivu, Mheshimiwa Anselmi Kitundwe. Alikuwa amepelekwa ng'ambo siku kumi na mbili kuhudhuria semina ya umwagiliaji wa maharage. Kwa nini waziri wa utamaduni apelekwe kwenye maharage ni jambo lililoulizwa na mbunge mmoja, ambaye sasa ni balozi wetu katika kisiwa kisicho na uwanja wa ndege.

Siku ya kurudi, akingoja ndege, waziri aliingia duka moja pale pale uwanjani. Akavishwa miwani mikubwa kama ya mchomelea vyuma, iliyomfunika macho na masikio, akapewa vishikio viwili vya plastiki. Mara akajiona yuko jukwaani. Mbele yake umati wa watu elfu hamsini, na mikononi mwake gitaa linalong'aa kama gari jipya. Taa ndogo za rangi zikawa zinamjia kutoka mbali, nyekundu, bluu, njano, na kila taa ilipofika alitakiwa aigonge kwa kishikio, gitaa lilie. Ukigonga kwa wakati unapata alama. Ukichelewa hupati.

Mheshimiwa Kitundwe alicheza dakika saba akakosa taa karibu zote. Lakini umati wa mle ndani ulimshangilia hata hivyo, na hapo ndipo alipotambua kwamba amekutana na teknolojia inayoielewa serikali.

"Waheshimiwa," aliliambia Baraza la Mawaziri siku aliyorudi, "kwa miaka mingi wananchi wetu wamekuwa wakipiga gitaa kwa kutumia gitaa. Huu ni ukale. Wenzetu wameshavuka huko. Sasa hivi gitaa linapigwa bila gitaa, kwa kitu kinachoitwa uhalisia pepe."

Baraza lilipiga makofi. Waziri wa Maji aliuliza kama teknolojia hiyo inafaa pia kwa mabomba, akaambiwa asubiri awamu ya pili.

*

Ilibidi Rais ajaribu kwanza. Fundi aliyeitwa Ikulu kumvisha miwani alikuwa Idrisa Mkomwa, kijana wa miaka thelathini na tatu kutoka redio ya taifa, aliyejulikana kwa tabia isiyo ya kawaida ya kusoma kijitabu cha maelekezo kabla ya kuwasha chombo.

Rais wetu ni mtu mzima wa miaka sabini na moja. Kwa muda wa miaka ishirini na mitatu aliyotuongoza hajakosea jambo lolote, na kama amekosea hakuna aliyeona. Alisimama katikati ya zulia, miwani usoni, vishikio mkononi, akawa anapiga hewa kwa nguvu zote. Ukutani palikuwa na runinga inayoonyesha alama zake. Ilionyesha sifuri. Baada ya dakika tatu ikawa bado inaonyesha sifuri. Walinzi wawili waliitazama ile sifuri, kisha wakamtazama Idrisa.

Idrisa aliniambia mwenyewe baadaye, tukiwa kwenye foleni ya vitambulisho, kwamba hapo alikikumbuka kijitabu cha maelekezo. Akaanza kupekua mipangilio ya mashine. Kwenye ukurasa wa mwisho kabisa, chini ya maneno ya usalama wa betri, alikuta kitufe kimeandikwa: Msaada kwa Watoto Walio Chini ya Miaka Mitano. Kijitabu kilieleza kwamba hapo mashine hujipigia yenyewe, mtoto akitikisa mikono tu. Idrisa alibonyeza.

Alama zikapanda hadi mia kwa mia. Walinzi wakatazama pembeni. Na ndani ya miwani, ambako ni Rais peke yake aliyekuwa akisikia, sauti laini ya mwanamke ikasema kwa lugha yetu, maana mashine ilikuwa na lugha thelathini: "Hongera, mtoto mzuri. Wewe tikisa mikono tu, mimi nitakupigia."

Rais alipovua miwani macho yake yalikuwa na unyevu.

"Huyu mama anayeongea humu ndani," aliuliza kwa sauti ya chini, "anaishi wapi?"

"Ndani ya mashine, Mheshimiwa."

"Asisumbuliwe," Rais akasema.

Saa kumi jioni redio ilitangaza kwamba Rais ndiye mpiga gitaa bora kuliko wote ulimwenguni, kwa mujibu wa mashine ambayo haina chama. Kesho yake Idrisa aliteuliwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Taifa ya Gitaa Pepe. Alipewa ofisi, gari na katibu muhtasi. Hakuweza kukataa, kwa sababu barua ya uteuzi haikuwa na sehemu ya kukataa.

*

Sheria ya Gitaa ilipitishwa asubuhi moja, kabla ya chai. Ilikuwa na vifungu vitatu. Cha kwanza kilisema mpiga gitaa ni mtu aliyefaulu mtihani wa mashine. Cha pili kilisema asiyefaulu si mpiga gitaa. Cha tatu kilisema magitaa ya mbao ni vifaa vinavyoleta mkanganyiko, na wenye navyo wavisalimishe ghalani kwa usalama wao.

Hapo ndipo anapoingia Skolastika Mbawala.

Skolastika alikuwa na miaka hamsini na sita, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, na kwa miaka thelathini na minane alikuwa amepiga solo katika bendi ya Ukumbi wa Reli. Kila Jumamosi saa tisa alasiri ukumbi ulijaa. Watu walikuja na viatu vya kubadilisha. Alikuwa na namna yake ya kupiga: ngoma ikifika, yeye anachelewa kidogo, kama mtu aliyetaka kukaa kisha akabadili mawazo, halafu anaiangusha noti mahali ambapo hukuitegemea na mabega yako yanalegea yenyewe. Wapiga solo wengi walijaribu kumwiga. Walichelewa vizuri tu, ila hawakujua wakati wa kufika.

Aliitwa kwenye mtihani Jumanne. Alikuja na gitaa lake mgongoni kwa mazoea, akaambiwa aliweke nje kwa kuwa halihusiki. Mtahini alikuwa Idrisa mwenyewe, kwa sababu katika Mamlaka nzima ni yeye peke yake aliyejua kuwasha mashine.

Alimvisha miwani. Taa zikaanza kuja. Skolastika alisimama bila kugusa kitu, ameinamisha kichwa kidogo, akisikiliza.

"Mama, gonga," Idrisa akasema. "Taa imefika."

"Wimbo haujafika."

"Lakini taa imefika."

"Basi taa ina haraka, mwanangu."

Akagonga pale alipoona panafaa. Mashine ikamhesabia kosa. Akagonga tena, na pigo hilo lingepigwa Ukumbi wa Reli pangetokea vigelegele, lakini mashine ikamhesabia kosa la pili. Kufikia mwisho wa wimbo alikuwa amepata kumi na moja kwa mia, na hizo kumi na moja, Idrisa alisema, zilitokana na kupiga chafya.

Idrisa aliifunga milango miwili ya chumba. Alikuwa amekua akimsikia mwanamke huyu kwenye redio ya mama yake.

"Mama Skola," alisema kwa kunong'ona, "kuna kitu naweza kubonyeza hapa ukapata mia."

"Kitu gani?"

"Kinapiga chenyewe."

"Na mimi nitakuwa nafanya nini?"

"Utatikisa mikono."

Skolastika alivua miwani, akaiweka mezani polepole kama kitu cha mtu.

"Nipe kumi na moja yangu," akasema.

Akapewa cheti. Kilikuwa kizuri, chenye mhuri wa dhahabu na picha ya Rais akiwa amevaa miwani. Kiliandikwa: Inathibitishwa kwamba Skolastika Mbawala, ambaye alama za vidole vyake ziko hapa chini, hajui gitaa. Cheti hiki ni cha maisha na lazima kionyeshwe kikihitajika. Gitaa lake likachukuliwa, akapewa stakabadhi: ubao mmoja wenye tundu, nyaya sita.

Alitembea hadi nyumbani. Hakulia njiani, na alipofika hakulia. Ila wiki zilizofuata alikuwa na tabia moja ambayo jirani zake waliiona. Asubuhi, akiwa barazani, alipitisha dole gumba juu ya ncha za vidole vya mkono wa kushoto, kimoja baada ya kingine. Pale ngozi ilikuwa imekomaa kwa miaka thelathini na minane, ngumu kama kwato. Wiki ya nne ikaanza kubabuka. Chini yake ilitoka ngozi laini, ya mtu asiyejua gitaa, na Skolastika akawa anaitazama kama anayesoma kile cheti upya.

*

Ukumbi wa Reli haukufungwa. Serikali yetu haifungi kitu. Bendi iliondolewa, wakawekwa maofisa wanne wenye alama mia kwa mia, kila mmoja na miwani yake. Jumamosi saa tisa walipanda jukwaani, wakaanza kutikisa mikono, na hapakusikika kitu chochote, kwa kuwa muziki ulikuwa ndani ya miwani.

Watu walibaki wamekaa vitini. Mkaguzi kutoka wizarani akasimama mlangoni na daftari, akaandika majina ya waliokaa. Basi wakainuka kucheza. Kilichosikika ni viatu tu, na mtu mmoja akikohoa. Kila mmoja alicheza wimbo alioukumbuka kichwani, jambo lililoleta matatizo, maana mume alikuwa anacheza taratibu na mkewe yuko kwenye mchakamchaka. Ndoa mbili zilifika kwa mashehe na moja kwa padri. Mkaguzi aliandika kwamba wananchi wameupokea muziki mpya kwa utulivu mkubwa.

Waziri Kitundwe alisoma ripoti hiyo akaona wakati umefika wa kuionyesha dunia. Ikatangazwa Sikukuu ya Mdundo wa Taifa. Ingefanyika Jumapili saa nane mchana katika uwanja mkuu, wapiga gitaa pepe sitini wakiongozwa na Rais, na mgeni rasmi angekuwa Rais wa nchi jirani.

Siku ilifika. Uwanja ulijaa, kwa kuwa mabasi yaliwachukua watu kutoka masokoni bila kuwauliza wanaelekea wapi. Maofisa sitini walisimama katika mistari sita. Rais alisimama mbele kwenye jukwaa lenye zulia. Waziri alitoa hotuba.

"Mheshimiwa mgeni wetu," alisema, "mtakachoshuhudia leo hakijawahi kusikika popote."

Na kweli. Wote sitini na mmoja wakaanza kutikisa mikono, na uwanja mzima ukasikia upepo ukipeperusha bendera. Mgeni wetu alitega sikio la kulia. Akatega la kushoto. Alikuwa mtu mwenye adabu sana. Baada ya dakika tano alimwinamia Waziri Kitundwe.

"Nisamehe, ndugu yangu. Nadhani ndege imeniziba masikio."

Daktari aliletwa akayachunguza masikio ya mgeni kwa tochi mbele ya umati, akasema ni mazima. Pakawa na hali ya kutoelewana. Waziri alishuka mbio hadi nyuma ya jukwaa alikokuwa Idrisa.

"Unganisha miwani ya Rais na vipaza sauti."

"Mheshimiwa, si vizuri."

"Nimesema unganisha."

"Kuna mambo mle ndani ambayo—"

"Mkurugenzi."

Idrisa aliunganisha. Vipaza sauti vikakwaruza, na wimbo wa gitaa ukajaa uwanjani, wimbo wa kitoto wenye noti nne. Watu wakashusha pumzi. Mgeni akatabasamu. Kisha sauti laini ya mwanamke ikatoka katika vipaza sauti vyote ishirini na vinne na kuwafikia watu elfu arobaini:

"Hongera, mtoto mzuri. Wewe tikisa mikono tu, mimi nitakupigia. Ukichoka, mwambie mama akupeleke ukalale."

Hakuna aliyecheka. Nasema hivi kwa fahari, maana watu elfu arobaini kutocheka kwa pamoja ni kazi inayohitaji mazoezi ya miaka mingi. Wengine waliinama kufunga kamba za viatu, hata waliovaa kandambili. Rais, ambaye kwa miwani aliyovaa hakujua kwamba uwanja umesikia, aliendelea kutikisa mikono akiwa na furaha kubwa usoni.

"Ni shairi," Waziri alimweleza mgeni. "La kale."

"Nimelisikia," mgeni akajibu.

Wakati wa chakula, mgeni aliona ni vema abadilishe mazungumzo. Alisema alipokuwa mwanafunzi katika nchi yetu, miaka ya nyuma, alikuwa haikosi Jumamosi ya Ukumbi wa Reli. Kulikuwa na binti mmoja akipiga solo. Alimkumbuka hadi jina.

"Skolastika. Yuko hai? Ningependa kumsikia kabla sijaondoka kesho."

Meza nzima iliacha kutafuna. Kila aliyekuwapo alijua kwamba kwa mujibu wa cheti halali, Skolastika hajui gitaa.

"Yuko hai," Waziri alisema taratibu, akitafuta maneno. "Lakini amestaafu. Kipaji chake amemkabidhi Mheshimiwa Rais. Kesho saa nne asubuhi Mheshimiwa atakupigia yeye."

*

Jua lilikuwa halijazama Waziri alipofika kwa Skolastika. Alimkuta barazani akichambua mchele. Idrisa alikuwa nyuma ya Waziri, ameshika kitu kirefu kilichofungwa kwenye blanketi.

"Karibuni," Skolastika akasema. Hakuinuka.

Waziri alieleza shida. Alieleza kwa urefu, akaligusa suala la uzalendo mara tano. Kiini chake kilikuwa kwamba Rais atasimama mbele na miwani, pazia litakuwa nyuma yake, na nyuma ya pazia awepo mtu anayeweza kupiga.

"Mimi sijui gitaa," Skolastika akasema. "Nina cheti. Nikuletee?"

"Mama, tusifike huko."

"Kinasema kionyeshwe kikihitajika. Naona leo kinahitajika."

Waziri alijipangusa jasho. Akauliza anataka nini. Skolastika aliendelea kuchambua mchele hata punje tatu au nne mbovu zikatoka, ndipo akajibu.

"Magitaa yote mliyochukua yarudi kwa wenyewe. Yote, si langu tu."

"Sheria imeshatiwa saini. Rais hawezi kufuta alichosaini, itaonekana alikosea."

"Haya. Nendeni mkampigie mgeni cheti."

Waziri alizunguka baraza mara mbili. Ni mtu mwenye akili, msimchukulie vibaya. Mwisho akasema kwamba sheria inakataza magitaa, haikatazi samani. Kama magitaa yatarudishwa kama samani za nyumbani, hakuna atakayekuwa amekosea. Skolastika alimwambia aandike. Akaandika kwa mkono wake, akatia saini, akiwa ameegemea nguzo ya baraza.

Ndipo Idrisa alipofungua blanketi. Gitaa lilikuwa zima, limefutwa vumbi.

"Sikulipeleka ghalani," alisema bila kumtazama usoni. "Lilikuwa kabatini ofisini kwangu. Nilizilegeza nyuzi. Nilisoma kwamba zikiachwa zimekazwa shingo inapinda."

Skolastika alilipokea. Alilipitisha mkono shingoni, juu hadi chini, akalikuta limenyooka. Akamgeukia kijana yule.

"Umekula?" akamuuliza.

Wakati Waziri akirudi kwenye gari, Idrisa alikuwa anapakuliwa wali. Alikula huku akimsikiliza Skolastika akikaza nyuzi moja moja, akizigusa, akizisikiliza, akikaza tena. Alipoanza kupiga, aliacha baada ya muda mfupi akatazama vidole vyake. Vilikuwa vimechubuka.

"Vimekuwa vya mtoto," alisema. Kisha akaendelea.

*

Jumatatu saa nne asubuhi walikusanyika katika ukumbi mdogo wa Ikulu. Viti vya velveti, mgeni katikati, mawaziri kushoto na kulia kwa kufuata uzito. Rais alisimama mbele ya pazia jekundu. Nyuma ya pazia Skolastika alikaa kwenye stuli, na vidole viwili vimefungwa plasta.

Rais akatikisa mikono, na Skolastika akaanza.

Nimeambiwa na watu watatu tofauti kwamba mgeni alifumba macho tangu noti ya pili. Waziri wa Maji, ambaye hajulikani kwa hisia, alianza kugonga mguu. Noti zilikuja zikichelewa, zikikaa mahali pake, na ukumbi ule wa watu wazito ukawa unayumba kidogo kama watu waliobebwa kwenye kitu kimoja.

Katikati ya solo, betri ya miwani ya Rais ikaisha.

Giza likamwingia machoni. Umati wake ukapotea, taa zikapotea, na yule mama mwenye sauti laini akanyamaza. Rais akashusha mikono. Lakini gitaa liliendelea. Alisimama akisubiri nalo linyamaze, halikunyamaza. Akavua miwani, akageuka, akatembea kuelekea sauti inakotoka, akalifungua pazia kwa mkono.

Mawaziri wote walitazama sakafu.

Skolastika alimwona. Hakuacha kupiga, kwa sababu alikuwa katikati ya solo. Rais akasubiri. Alisimama mbele ya yule mwanamke kwa dakika nne nzima, mikono pembeni, na kwa hesabu zangu hajawahi kusubirishwa na mtu yeyote tangu atutawale. Skolastika alipomaliza, Rais aliviona vidole vyenye plasta.

"Hiki ni nini?" akauliza.

"Gitaa, Mheshimiwa."

"Linaumiza?"

"Miaka miwili ya mwanzo. Na ukiacha muda mrefu ukarudi."

Rais aliomba kulishika. Akapewa stuli, akalipakata, akaweka kidole kwenye uzi na kuupiga. Ulitoa mlio kama mlango wa ghala.

"Hapana," Skolastika akasema. "Umekosea."

Waziri Kitundwe alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Walinzi walitazamana. Neno lile lilikuwa halijatamkwa katika jengo lile kwa muda wa miaka ishirini na mitatu, na walinzi hawakuwa na maelekezo kulihusu.

"Wapi?" Rais akauliza.

Skolastika alikishika kidole cha Rais, akakisogeza nyuma kidogo, akakikandamiza. "Hapa. Bonyeza kwa nguvu. Usiogope ikiuma."

Rais akapiga tena. Safari hii uzi ulilia vizuri, mlio mmoja safi uliokaa hewani kisha ukaisha wenyewe. Alikikodolea macho kidole chake, ambacho kilikuwa na alama nyekundu ya waya.

"Hii nimepiga mimi?" akauliza.

"Wewe mwenyewe."

Mgeni alikuwa amefika penye pazia. "Dada Skola," alisema, "hujazeeka hata kidogo." Skolastika alimwambia ni mwongo, wakacheka, wakaanza kuulizana habari za watu waliokufa.

*

Jumanne asubuhi serikali ilitoa taarifa. Nilinunua gazeti mapema kwa kuwa nilitaka kuona watakavyolieleza jambo lile, na sikuvunjwa moyo. Taarifa ilisema kwamba baada ya utafiti wa muda mrefu alioufanya peke yake, Rais amevumbua chombo kipya cha muziki kinachoitwa gitaa halisi. Kinatengenezwa kwa mbao na nyaya. Hakitumii umeme, betri wala miwani, na kinasikika na watu wote kwa wakati mmoja. Nchi yetu ndiyo ya kwanza ulimwenguni kuwa nacho.

Waziri Kitundwe alipandishwa cheo akawa Waziri wa Mbao na Nyaya. Mamlaka ya Idrisa ilibadilishwa neno moja kwenye kibao cha mlangoni, na yeye akaendelea kuwa Mkurugenzi Mkuu, ingawa safari hii aliomba likizo kwanza akalala siku mbili mfululizo. Miwani sitini na moja ilikabidhiwa Wizara ya Maji kwa ajili ya awamu ya pili.

Magitaa mia tatu na kumi na mawili yalirudishwa kwa wenyewe, kwa hati ya samani. Ila kila aliyetaka kulipiga alitakiwa ajaze fomu ya kujiunga na uvumbuzi wa Rais kama mwanafunzi. Skolastika alikwenda kujaza Jumatano. Karani, mama mmoja mwenye miwani ya kawaida ya kusomea, alimsomea maswali.

"Uzoefu wako katika chombo hiki?"

"Miaka thelathini na minane."

Karani aliweka kalamu chini. "Mama, chombo kimevumbuliwa juzi."

Skolastika alimtazama. Karani naye akamtazama, na Skolastika aliniambia kwamba aliona mdomo wa yule mama ukitetemeka kwa kujizuia. Kwenye kucha za mkono wake wa kulia palikuwa na rangi nyekundu ya sherehe, na chini ya meza alikuwa amevaa viatu vya kuchezea dansi.

"Andika hakuna," Skolastika akasema.

Karani akaandika hakuna, akagonga mhuri, akampa kadi yenye picha.

Jumamosi saa tisa alasiri Ukumbi wa Reli ulijaa hadi watu wakasimama madirishani. Skolastika alipanda na bendi yake, kadi ya mwanafunzi ikining'inia shingoni kama sheria inavyotaka, plasta vidoleni. Alipiga saa mbili na nusu bila kupumzika. Mke na mume walicheza wimbo mmoja. Nilikuwa pale, nimevaa viatu vyangu vizuri, na mkaguzi alikuwa mlangoni na daftari lake akitikisa kichwa taratibu, akisahau kuandika.

Baadaye nilifanikiwa kuiona ripoti yake. Ilikuwa ya mstari mmoja. Ilisema kwamba kwa mwanafunzi ambaye ndio kwanza ana siku nne, mama huyu anajitahidi.